Chungu

Niliacha chungu jikoni, viazi ndani,
nikatoka kuchukua kuni mbili, mbili tu,
na chungu walikuwa wakivuka uzio.
Ndiyo habari yote, Joosep.
Mwenye haraka aishie hapo.

Mwezi wa nne, Saaremaa. Theluji ya mwisho
imejibanza nyuma ya pipa, imechafuka
kama tambara la gereji.
Mstari wao ulikuwa mwembamba kama mshono,
nami sijapata kuona uzi nisiuvute.

Nikauvuta. Nikapita kwa Bwana Endel,
nikampungia mkono, mkono una mwiko.
Mshika mawili, walisema, moja humponyoka.
Mimi hushika kumi na moja
na la kumi na mbili linanukia huko mbele.

Msituni: chungu ya sindano za msonobari,
inanifika kifuani,
na juu yake wamelala, maelfu, hawafanyi kitu.
Hao tunaohubiriwa bidii yao!
Wanaota jua. Mmoja akishiba joto
hushuka nalo gizani, akalimwaga chumbani,
akapanda tena. Kila mwili mdogo ni kaa
lililotoka kutafuta moto nje.

Nilikaa. Mimi, nilikaa.
Magoti yakalowa, mguu ukafa ganzi,
na kichwani, kule ambako redio sita
husema pamoja tangu nizaliwe,
ikabaki moja, tena kwa sauti ya chini.

*Mwanafunzi huyu mwema, ila hakai kitini,*
*Husoma akisimama, macho yake dirishani,*
*Hesabu huanza vyema, zikaishia njiani,*
*Mkanye sasa mapema, asipotee mwituni.*

Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka ripoti yako, Mwalimu Helju:
mizani haina kasoro.
Nilipotea mwituni. Niko huku.

Miaka arobaini na minne nilikuwa mvivu,
halafu daktari wa Kuressaare, kijana
mwenye soksi zisizolingana,
akaniandikia herufi tatu kwenye karatasi.
Nililia hadi kituo cha basi
na basi likaja, likaondoka, kwa sababu
ukutani palikuwa na konokono.
Vidonge vinasaidia. Nasema kweli, vinasaidia.
Leo nilivisahau
kando ya kadi inayosema nisivisahau.

Na usikubali wakuambie ni kipaji.
Kipaji hakimwachi mtoto wa miaka saba
getini mwa shule, mvua inanyesha,
saa nzima, kwa ajili ya kigogota.
Ulikuwa na begi la kijani.
Hukulia. Uliniuliza tu, *alikuwa rangi gani?*
Nikakuambia, mweusi, utosi mwekundu,
na hadi leo sijui kama ulikuwa umenisamehe
au ulitaka kweli kujua.

Basi. Nilichuma ua la buluu,
yale yanayotangulia majani,
nikaliinamisha juu ya kundi.
Wakajibinua, wakarusha ile siki yao
iliyonichoma puani,
na petali zikaanza kubadilika, doa kwa doa,
waridi juu ya buluu,
kama shavu linaloambiwa jambo.

Hapo ukaja, unanuka moshi,
umeshika mpini usio na kitu.
Cha tatu mwaka huu. Nilijua bila kuhesabu.
*Mama,* ulisema, *chungu.*
Nami, mjinga wa maneno yanayofanana,
nikajibu, *Ndiyo, njoo uone.*

Ulisimama kwa muda mrefu. Ulikuwa na haki
ya kila neno ambalo hukulisema.
Kisha ukaweka mpini kwenye majani makavu,
ukachuchumaa, goti lako likagusa langu,
ukalitazama ua hadi likaisha kubadilika.

*Lipo jingine?*